Mwalimu wa Madaktari wa Mifugo Aliyeingia Siasa: Maisha ya Mama Wangari Maathai



Ukitaja jina la Wangari Maathai, wengi wanajibu haraka: "Ah, yule mama wa miti wa Kenya." Ni kweli. Lakini kabla ya miti kulikuwa na ng'ombe. Kwa miaka 16 mama huyu alifanya kazi katika chuo kikuu cha Nairobi, kwenye idara inayofundisha madaktari wa mifugo, wale ambao sisi tuliotoka Kongo tumezoea kuwaita maveterineri. Yeye mwenyewe hakuwa wa kutembea na sindano vijijini kuchoma ng'ombe. Alikuwa mwalimu wao. Na siku alipojaribu kuingia siasa, kazi hiyo ilimtoka mkononi kwa siku moja tu, na nyumba ikafuata.

Tumeamua kuandika habari zake kwa sababu kila ukikaribia uchaguzi wa viongozi wa bloku tunasikia maneno yaleyale. "Siasa si ya watu kama sisi." "Mama akigombea watu watamcheka." "Ukishindwa mara moja, basi, kaa kimya." Sasa sikieni hii: Mama Wangari aliutafuta ubunge mara nne. Alishinda mara moja.

Mtoto wa Ihithe

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, katikati ya Kenya, wakati Waingereza wakiwa bado wanatawala. Wazazi wake walikuwa wakulima. Karibu na nyumbani kulikuwa na mti mkubwa wa mugumo, na chini yake chemchemi ya maji ambapo mtoto Wangari alicheza na mayai ya vyura. Mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mti ule, akamwambia ni mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye, akiwa msomi, alirudi akakuta mwenye shamba mpya amekata mugumo ule apate nafasi ya kupanda chai. Na chemchemi imekauka. Yeye aliona kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano: mizizi mirefu ya mti ndiyo iliyokuwa inasaidia maji kupanda juu. Wazee walikuwa wanalinda maji bila kuwa na digrii.

Alianza shule akiwa na miaka minane hivi, na kwa msichana wa kijijini wakati ule hiyo ilikuwa bahati. Akasoma kwa masista Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwaka 1960 akawa mmoja wa vijana wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma kwa msaada wa masomo. Alipata digrii ya biolojia mwaka 1964 huko Kansas, na ya pili Pittsburgh mwaka 1966.

Hapa kuna jambo la kusimulia. Alirudi nyumbani mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi, amekwisha kuahidiwa kuwa msaidizi wa profesa wa zuolojia. Kufika, anaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Yeye aliamini sababu ni mbili: ni mwanamke, na si wa kabila linalotakiwa. Wengi wetu tunaijua hali hiyo ya kushika karatasi mkononi na bado mlango umefungwa. Aliyemwokoa alikuwa profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyekuwa anaanzisha idara mpya ya anatomia ya mifugo. Ndivyo msichana wa biolojia alivyojikuta kwenye maabara ya ng'ombe.

Alikwenda Ujerumani kuendelea na utafiti, akarudi mwaka 1969, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa kwa utafiti wa viungo vya uzazi vya ng'ombe. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia elimu hiyo. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, mwaka 1977 profesa mshiriki. Wanafunzi wake walikuwa karibu wote wanaume. Mwanzoni wengine hawakuamini kwamba huyu dada kijana ndiye atakayewasahihishia mitihani. Alipowapa maksi zao, waliamini.

Jambo jingine la siku hizo: yeye na mwenzake Vertistine Mbaya waligombana na chuo kuhusu haki za wafanyakazi wanawake. Mwanaume alipewa nyumba na bima ya familia, mwanamke mwenye cheo kilekile hapewi, eti yupo mume wa kumtunza. Huo, kwa maoni yetu, ndio uliokuwa uchaguzi wake wa kwanza, ingawa hapakuwa na sanduku la kura.

Kupe walimwonyesha kitu kingine

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa anakwenda mashambani nje ya Nairobi kukusanya kupe. Utafiti ulihusu ndigana kali. Wafugaji wetu wa Masisi, Rutshuru na Minembwe hawahitaji kufundishwa ugonjwa huu: unaletwa na kupe wa kahawia wanaokaa masikioni, mnyama anapata homa kali, mitoki inavimba chini ya sikio na mbele ya bega, mwishowe anapumua kwa shida na kufa. Ndama na ng'ombe wa kizungu ndio wanaoangamia zaidi.

Basi, profesa anatoa kupe kwenye masikio ya ng'ombe, lakini macho yake yanaona mengine. Ng'ombe wamekonda hadi unahesabu mbavu. Majani hakuna. Mvua ikinyesha, mito inakuwa myekundu kwa udongo uliotoka kwenye vilima ambavyo zamani vilikuwa na msitu na sasa vina chai na kahawa. Watu nao wamedhoofika. Wakati huohuo, kwenye mikutano ya Baraza la Wanawake wa Kenya, alisikia wamama wa vijijini wakilalamika: kuni ziko mbali, maji ni machafu, chakula hakitoshi. Akaunganisha. Tatizo la yule ng'ombe halikuwa kupe peke yake, hata ungeua kupe wote. Ardhi yenyewe ilikuwa inaumwa.

Jibu lake lilikuwa rahisi mpaka wataalamu wakalicheka: tupande miti.

Haikufanikiwa mara ya kwanza. Mume wake, Mwangi Mathai, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka 1974 (kwetu Kongo tungesema depite), na kwenye kampeni alikuwa ameahidi watu kazi. Kura zilipopatikana, ahadi ikasahaulika. Mama Wangari hakuridhika. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ya kuwapa watu maskini kazi ya kuotesha na kupanda miche. Pesa ilikwisha, maji yakakosekana, miche mingi ikafa, kampuni ikafa nayo. Tarehe 5 Juni 1977 alianza tena, safari hii na Baraza la Wanawake. Walipanda miti saba pale Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement.

Namna ya kazi tunataka muielewe vizuri, maana inawezekana popote. Maofisa wa misitu walisema kupanda mti kunataka diploma. Mama Wangari akawaambia wanawake watumie akili yao ya shamba. Waliokota mbegu za miti ya kienyeji porini, wakaotesha kwenye makopo ya zamani na chochote kinachoshika udongo, wakaangalia ipi inaota na ipi inagoma. Kikundi kilipata malipo kidogo kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa. Angalieni hapo: uliopona. Hukulipwa kwa kuchimba shimo mbele ya mgeni mwenye kamera. Hadi mwaka 2004 miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa kwa njia hiyo.

Siku moja ya mwaka 1982

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Ndoa ilivunjika, na talaka ikatoka mwaka 1979 baada ya kesi iliyoandikwa sana magazetini. Aliposema hadharani kwamba jaji ama hajui kazi ama amekula rushwa, alihukumiwa miezi sita jela kwa kuidharau mahakama. Alikaa siku tatu. Mumewe akamtaka aache kutumia jina lake. Badala ya kuliacha, aliongeza herufi moja ya "a", kutoka Mathai likawa Maathai. Watoto walikuwa watatu.

Mwaka 1982 kiti cha ubunge kikawa wazi kwao Nyeri. Sheria ilitaka mfanyakazi wa chuo ajiuzulu kwanza ndipo agombee. Akajiuzulu. Akaenda kuchukua fomu, akaambiwa hafai kugombea kwa sababu hakujiandikisha upya kama mpiga kura katika uchaguzi wa 1979. Alikimbilia mahakamani. Jaji akakubaliana na serikali. Akarudi chuoni siku hiyohiyo kuomba kazi yake. Jibu: nafasi imekwisha jazwa. Miaka 16 imekwisha kwa masaa. Nyumba ilikuwa ya chuo, basi akatakiwa atoke.

Sasa hana mume, hana mshahara, hana kiti. Kitu kimoja tu kilimsaidia: miaka ya nyuma alikuwa amenunua nyumba ndogo mtaa wa South C. Akahamia pale. Baada ya muda wafadhili, wakiwemo watu wa misitu wa Norway, walisaidia ile kazi ya miti iliyokuwa inakwenda polepole, na yeye akawa mratibu wake kwa mshahara mdogo. Hatusemi kupoteza kazi ni baraka. Tunasema tu kwamba Green Belt Movement kama tunavyoijua ilikua kutoka hapo.

Kiti bila kura

Miaka 20 iliyofuata hakuwa na cheo chochote cha serikali, lakini serikali ilimjua. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambapo familia za Nairobi zisizo na kiwanja cha nyumba hupumzika Jumapili. Alipiga barua kila mahali. Bungeni walimtukana, na shirika lake likatolewa kwenye ofisi. Yeye akahamishia kazi nyumbani kwake South C. Wafadhili wa nje wakaanza kuogopa, na jengo halikujengwa.

Mwaka 1992 alikaa na wamama wazee ambao watoto wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa. Waligoma kula katika bustani ileile. Polisi walikuja na marungu na mabomu ya machozi, na yeye alipigwa mpaka akazimia. Wale wamama wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima. Vijana wao walianza kutolewa, na mwanzoni mwa 1993 karibu wote walikuwa huru.

Tunaomba mkumbuke mwaka huo wa 1993 kwa sababu nyingine. Mapigano ya kikabila yaliwaka Bonde la Ufa, nyumba zikachomwa, maelfu wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Mama Wangari, wa kabila mojawapo ya yale yaliyogombanishwa, alizunguka huko, mara nyingine kwa kujificha. Alisaidia jamii zianzishe vitalu, na miche itolewe kwa watu wa upande wa pili. Aliiita miti ya amani. Mti peke yake haurudishi nyumba iliyoungua. Lakini ili mche ufike kwa jirani, lazima mtu auchukue mkononi, avuke barabara na kubisha hodi.

Mwaka 1997 alijaribu kura tena, safari hii kwa mkupuo: urais na ubunge wa Tetu pamoja. Siku chache kabla ya uchaguzi magazeti yakaandika kwamba amejitoa. Ilikuwa uongo. Alishindwa vyote viwili, na vibaya. Mwezi Januari 1999 alikwenda kupanda mti Karura, msitu wa Nairobi uliokuwa unagawiwa kwa wajenzi, akapigwa na walinzi hadi kichwa kikapasuka. Kituoni polisi walipotaka asaini maelezo yake, alisaini kwa damu yake mwenyewe.

Mbunge wa Tetu

Ndipo ikafika Desemba 2002. Vyama vya upinzani viliungana, chama kilichotawala tangu uhuru kikaondoka kwa kura, na watu wa Tetu wakampa Wangari Maathai asilimia 98 ya kura zao. Ndiyo, 98. Mwezi Januari 2003 aliteuliwa waziri msaidizi wa mazingira na maliasili. Yule aliyefukuzwa kwenye ofisi sasa alikuwa ndani ya serikali.

Tarehe 8 Oktoba 2004 alikuwa barabarani, anatoka Nairobi kwenda kwenye eneo lake la ubunge, simu ikalia. Ilikuwa habari kutoka Norway: amepewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alisimama Nyeri, kwenye uwanja wa hoteli moja inayotazama Mlima Kenya, akachimba shimo akapanda mti wa Nandi flame. Mikono ikawa na udongo, na waandishi wa habari wakapiga picha hivyohivyo.

Kwetu sisi wa Kongo kuna habari iliyo karibu zaidi. Mwaka 2005 viongozi wa nchi za Bonde la Kongo walimwomba awe balozi wa msitu wetu mkubwa, wa pili duniani baada ya Amazon. Mwaka 2008 ulipoanzishwa mfuko wa kuulinda, kwa pesa za Uingereza na Norway, yeye na Paul Martin, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Kanada, wakawa wenyeviti wenza. Mwaka huohuo wa 2005 alikuwa pia rais wa kwanza wa baraza la Umoja wa Afrika linalosikiliza mashirika ya raia. Kutoka kijiji, kwenda eneo la ubunge, kwenda bara zima.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo vitabu vingi vya watoto vinairuka. Mwaka 2007 alikwenda tena kwa wapiga kura wa Tetu. Kwenye kura za mchujo za chama cha rais alishindwa na Francis Nyammo. Akagombea kwa chama chake kidogo cha Mazingira. Akashindwa tena. Mtu ambaye dunia nzima inasimama akiingia ukumbini, kijijini kwake wanampa mwingine kiti!

Wengine walisema Tetu hawakuwa na shukrani. Sisi hatukubali moja kwa moja. Tangu 2003 kila eneo la ubunge Kenya lilikuwa na mfuko wake wa maendeleo, na watu walijifunza kumpima mbunge kwa darasa, bomba la maji na barabara, pia kwa siku anazoonekana nyumbani. Mtu mwenye mialiko ya dunia nzima anaonekana mara chache. Tena siasa za chama mwaka ule zilikuwa kali, na yeye hakuwa mtu wa kuimba wimbo wa mkubwa ili apate tiketi. Mpiga kura ana haki ya kusema asante, na bado akampa kura mwingine. Hivyo ndivyo kura ilivyo.

Lililotuvutia ni alichofanya baada ya hapo. Uchaguzi huo wa Desemba 2007 uliishia kwenye damu. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa, mamia ya maelfu walikimbia makwao, na baadhi walivuka mpaka hadi Uganda kuwa wakimbizi kama sisi. Mama Wangari alitaka kura za urais zihesabiwe upya, ingawa rais alikuwa mtu wa kwao. Watu wa kabila lake walimwita msaliti. Alitaka pia pande zote mbili zikae na kugawana madaraka. Hakuwa na kiti bungeni tena, na hilo halikumfunga mdomo.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani, akiwa na miaka 71. Alikuwa amesema asikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake. Basi mafundi wakalitengeneza kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, yale yanayosumbua wavuvi wa Ziwa Viktoria. Tarehe 8 Oktoba alipewa heshima za mazishi ya kitaifa na mwili ukachomwa kama alivyotaka. Majivu yalizikwa kwenye taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo kilekile kilichomwambia mwaka 1982 kwamba nafasi yake imekwisha jazwa.